Beira Uhamishwe, au Ujengwe Palepale?



Naomba nafasi katika gazeti letu nipate kulijibu neno ninalolisikia tena na tena, kila habari ya tufani inapotufikia: ya kwamba mji ulio chini ya maji haustahili kujengwa tena, na ya kwamba wenyeji wake, kama wangekuwa na akili, wangeuhama. Juzi mwalimu mwenzangu, mtu ninayemheshimu sana, alilisema neno hilo barazani juu ya mji wa Beira katika nchi ya Msumbiji, akalitilia nguvu kwa mfano wa yule mtu aliyejenga nyumba yake juu ya mchanga. Wazee waliokuwapo wakatikisa vichwa kwa kukubali, na shauri likawa kama limekwisha. Mimi nilinyamaza siku ile, kwa kuwa sikuwa na hoja zangu tayari. Leo ninazo, na ndugu yangu aniwie radhi nikizisema mbele ya wasomaji wote.

Kwanza tujue Beira ni mahali gani, maana wengi wauhukumuo mji ule hawajapata kuutazama hata katika ramani. Uko penye mlango wa mto Pungwe, karibu na mlango wa mto Búzi. Wareno waliuanza mwaka 1887, penye mchanga na kinamasi na mikoko, wakaupa cheo cha mji mwaka 1907. Sababu ya kupachagua mahali pabaya namna ile ilikuwa moja tu: palifaa kwa bandari, na kutoka bandari ile reli ikapelekwa bara mpaka Umtali, ambao leo huitwa Mutare, katika nchi ya Zimbabwe. Watu wake sasa wapita nusu milioni. Sehemu kubwa ya mji haikupita sana usawa wa bahari, na bahari ya pale si ya mchezo: wakati wa bamvua tofauti ya maji kupwa na maji kujaa hupata futi 20 na kuzidi. Mvua kubwa ikinyesha wakati maji yamejaa, maji ya mvua hayana pa kutokea.

Basi, usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Machi 2019 kimbunga kiitwacho Idai kiliupiga mji huo. Mapema mwezi ule kilikuwa kimekwisha kuleta mvua na mafuriko Msumbiji na Malawi, kikarudi baharini kama mtu aliyesahau kitu, kikapata nguvu, kikaja tena kwa upepo wa mwendo wa zaidi ya maili 100 kwa saa. Simu zikakatika, umeme ukazimika, barabara ya kwenda bara ikakatwa na maji, na kwa siku kadhaa Beira ikawa kama kisiwa. Watu wa Msalaba Mwekundu walipofika walikadiria kwamba sehemu tisa katika kumi za mji zimeharibiwa. Katika Msumbiji peke yake walikufa watu zaidi ya 600. Kisha kikaja kipindupindu, hata ikawapasa matabibu kuwapa dawa ya kinga watu zaidi ya 800,000 katika mji na wilaya za jirani.

Tena nitampa mwenzangu hoja moja ambayo yeye mwenyewe hakuitaja, nayo ni hoja nzuri kuliko zote alizozisema. Siku ile mwezi ulikuwa robo, maji yalikuwa mafu. Kama Idai kingalikuja siku sita baadaye, kingaliikuta bamvua ya mwezi mpevu, na sijui leo tungekuwa tukizungumza juu ya Beira gani. Wavuvi wataelewa maneno haya bila kufafanuliwa. Simfichi mtu hatari iliyoko; anayetaka mji ule ubaki hana budi kuitazama bahari machoni.

Lakini je, watu wale 600 na zaidi walikufia wapi? Hapo ndipo shauri la kuhamia bara linapoanza kulegea. Katika mji wenyewe kilichovunja nyumba nyingi kilikuwa ni upepo, ulioyang'oa mabati na kuangusha kuta. Na upepo ule ule uliipiga Dondo, iliyo bara mwendo wa maili kama 20. Maji yaliyofanya bahari ya ghafula hayakutoka baharini. Yaliteremka kutoka milimani kwa mito ya Búzi na Pungwe, yakafunika mashamba na vijiji mbali na pwani, watu wakakaa juu ya miti na mapaa siku nyingi wakingoja kuokolewa. Na walipookolewa walipelekwa wapi? Wengi walipakiwa katika mashua za wavuvi wakaletwa Beira, mji huo huo tunaoambiwa kwamba ni mtego wa mauti.

Na huko Zimbabwe, katika milima ya Chimanimani, zaidi ya maili 100 kutoka baharini, mvua ya Idai iliporomosha mawe makubwa usiku, yakaangukia nyumba za watu waliolala. Nyumba zile hazikujengwa juu ya mchanga. Zilijengwa penye mlima, na mwamba ndio uliozivunja. Sisemi haya kwa kubishana na Maandiko, hasha. Nasema tu kwamba mfano ule haukunenwa kwa ajili ya kupima viwanja, na mwalimu anayeutumia kwa kazi hiyo anautwisha mzigo usio wake.

Sasa nije kwenye kiini cha maneno yangu. Mtu asemapo, "Mji uhamishwe," natamani aulizwe: ni nini hasa kitakachohamishwa? Gati haliwezi kupanda kilimani. Bomba lipelekalo mafuta Zimbabwe laanza pale Beira, wala halitaanza mahali pengine kwa kuwa sisi tumeona vyema hivyo. Malawi na Zambia nazo hupitisha mizigo yao pale. Kwa hiyo bandari itabaki, hilo hakuna alibishalo. Ikibaki bandari watabaki wapakuzi, maana meli haingoji mtu anayetoka mbali asubuhi kwa gari. Wakibaki wapakuzi watabaki wanawake wawapikiao uji, na mafundi, na wauza samaki, na watoto wao, na shule za watoto wao. Hesabu vizuri, utaona kwamba mji wote umebaki. Watakaohamishwa kwa kweli ni watu fulani tu: wale wasio na hati ya kiwanja wala jamaa serikalini, wakaao Praia Nova, ufukoni kabisa penye mitumbwi, na katika mabonde ya Munhava ambako maji ya mvua hutuama. Mwenye nyumba ya ghorofa huko Ponta Gêa hatahamishwa. Ataweka mabati mapya. Basi neno "mji uhamishwe" likipitishwa katika chekecheo, kinachobaki ni "maskini waondolewe," na mimi napenda jambo liitwe kwa jina lake.

Wala si haja kwenda Msumbiji kujifunza hayo. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968 serikali yetu iliwaondoa watu wa bonde la Rufiji, ikawaweka katika vijiji vipya juu penye nchi kavu. Nia ilikuwa njema. Hakuna apendaye kuona watu wakichukuliwa na mto. Lakini rutuba haikuhamishwa pamoja nao. Udongo unaoota mpunga ni ule ule uletwao na mafuriko, nao ulibaki chini. Watu wakawa wakishuka bondeni, wakijenga madungu yao juu ya nguzo ili walinde mashamba, wakikaa huko miezi mingi mbali na shule na zahanati walizojengewa. Hata leo mto ukijaa twasikia habari za Rufiji, na ukipungua watu wamo bondeni.

Kadhalika Dar es Salaam. Mvua za Desemba 2011 zilipoua watu zaidi ya 40, waliokaa katika bonde la Msimbazi, penye Jangwani na jirani zake, walipewa viwanja Mabwepande, nje ya mji. Wengine walikaa, wakajenga, na nawapongeza. Wengine wengi wakarudi bondeni, nao wakaitwa wakaidi na wajinga. Lakini mtu auzaye machungwa Kariakoo, ambaye faida yake ya siku nzima haizidi sana nauli ya kwenda na kurudi Mabwepande, amefanya ujinga gani akirudi? Amefanya hesabu. Hesabu yake ni sahihi kuliko ya mpima viwanja, kwa sababu yeye ameitia nauli na mpima viwanja hakuitia. Kama ningempa mwanafunzi wangu fumbo hilo la hesabu, angelitatua katika robo saa.

Na huko Beira mambo yalikwendaje? Baada ya Idai wengi waliopoteza nyumba walipelekwa Mandruzi na Mutua, wilayani Dondo. Walipewa kiwanja na turubai, na mahali pa kulima. Mkulima alishukuru. Mvuvi, ambaye chakula chake kiko baharini na nyavu zake ziko ufukoni, alikuwa kama seremala aliyepewa shamba la mihogo badala ya msumeno. Kisha tarehe 23 Januari 2021 kikaja kimbunga kingine, Eloise, kikapasua mahema na vibanda katika makambi yale ya waliohamishwa. Yaani watu walitolewa karibu na kazi yao ili wawe salama, wakawekwa mbali na kazi yao chini ya turubai. Praia Nova nayo haikukoma kuwa na watu.

Labda mtu atasema, "Hayo ni kwa sababu ya umaskini wetu, wenzetu wenye mipango mizuri wangefaulu." Nitamjibu kwa habari za Belize, nchi ndogo iliyokuwa chini ya Waingereza huko Amerika ya Kati. Tarehe 31 Oktoba 1961 tufani iitwayo Hattie iliuvunja mji wake mkuu, ulio pwani na chini kama Beira. Serikali ikaamua kuhama kweli, si kwa maneno tu. Ikajenga mji mpya bara, uitwao Belmopan, ikahamia huko mwaka 1970 pamoja na makarani wake na mafaili yake. Je, wenyeji walifuata? Makarani walifuata. Wengine walio wengi walikaa pale pale, na hata leo Belize City ndio mji mkubwa kuliko yote katika nchi ile, nao ungali chini, ungali pwani. Wenye mamlaka waliikimbia hatari wenyewe, wakawaachia wengine.

Na Marekani, nchi tajiri kuliko zote, ilionaje? Tarehe 29 Agosti 2005 tufani ya Katrina iliyavunja matuta na kuta za kuuzuilia maji mji wa New Orleans. Sehemu nne katika tano za mji zikawa chini ya maji, na zaidi ya watu elfu wakafa katika jimbo lile na majimbo ya jirani. Januari 2006 wapangaji wakatoa ramani yenye alama za mviringo za rangi ya kijani katika mitaa ambayo ingefaa kugeuzwa kuwa bustani. Wenyeji waliokuwa bado wametawanyika katika miji mingine wakaifungua ramani ile wakaiona mitaa yao imefunikwa kwa kijani. Hasira iliyozuka ilikuwa kubwa hata shauri lenyewe likaachwa. Mimi siwalaumu wapangaji kwa kuogopa maji. Nawalaumu kwa kumwonyesha mtu bustani mahali penye mlango wa nyumba yake kabla hawajamwambia atalala wapi.

Basi, mtu asidhani nasema Beira ujengwe kama ulivyokuwa. Wasemao hivyo wanastahili kukaripiwa vilevile, tena kwa ukali zaidi, maana kosa lao huua. Kurudisha mabati yale yale kwa misumari ile ile juu ya kuta zile zile za udongo na saruji haba, na kuita kazi hiyo "kujenga upya," ni kukopa kwa kimbunga kijacho. Atakaye kubaki mahali pa hatari lazima alipe gharama ya kubaki.

Walioilipa walikuwa watu wa Galveston, mji ulio katika kisiwa cha mchanga huko Texas. Tarehe 8 Septemba 1900 bahari iliufunika mji ule, ikaua watu 6,000 au zaidi, na hapo wenye akili wa siku zile walisema neno lile lile la mwalimu mwenzangu. Wenyeji hawakuhama. Walijenga ukuta wa bahari wenye urefu wa futi 17 kwenda juu, sehemu yake ya kwanza ikamalizika mwaka 1904. Kisha wakafanya jambo ambalo hata leo nikilisoma nashangaa: wakauinua mji wenyewe. Nyumba zaidi ya 2,000 ziliinuliwa kwa jeki moja moja, makanisa ya matofali nayo, na chini yake ikamiminwa mchanga pamoja na maji uliochotwa kutoka bahari, mpaka nchi ikapanda. Kwa miaka kadhaa watu walipita juu ya vijia vya mbao, na miti yao ikafa kwa chumvi. Na gharama ya kuinua nyumba alilipa mwenye nyumba. Mwaka 1915 tufani nyingine kubwa ilikuja, na safari hii waliokufa katika mji walikuwa wachache sana. Kweli, Galveston haukurudia ukubwa wake. Biashara ya bandari ilikwenda Houston. Lakini watu wake hawakuzama.

Najua nitaambiwa kwamba Galveston ulikuwa na fedha. Ni kweli, na hapo ndipo lawama yangu inapogeukia upande mwingine. Tarehe 31 Mei na 1 Juni 2019 mataifa yalikutana huko Beira, wakaambiwa kwamba kazi ya kujenga upya inahitaji dola bilioni 3.2. Waliahidi bilioni 1.2. Ahadi yenyewe tu ilikuwa kama theluthi moja na kidogo zaidi. Mtu asimwonyeshe Mbeira mlango wa kutokea ikiwa hajalipa hata nusu ya gharama ya kubaki.

Tena si kweli kwamba fedha ndogo haifanyi kitu. Kabla ya Idai mji ule ulikuwa umekwisha kuanza. Mwaka 2013 ulitengeneza mpango wake pamoja na wataalamu wa Uholanzi, watu ambao tangu zamani wameishi chini ya usawa wa bahari na hawajahama. Meya wake wa siku zile, Daviz Simango, alikuwa mhandisi, na nadhani jambo hilo lilisaidia kuliko hotuba nyingi. Mto mdogo wa Chiveve upitao katikati ya mji, uliokuwa umezibwa na takataka, ukafunguliwa kwa msaada wa Wajerumani, mikoko ikapandwa tena. Mifereji mikubwa ikachimbwa upya, ikawekewa milango ya maji iwezayo kufungwa bahari ijaapo na kufunguliwa ipwapo, pamoja na ziwa la kupokea maji ya mvua. Kazi hiyo ilimalizika mwaka 2018. Idai kilipokuja mwaka uliofuata, mitaa iliyopitiwa na mifereji hiyo maji yake yalitoka upesi, na mitaa isiyopitiwa ikakaa na maji. Ushahidi gani mwingine unatakiwa?

Kwa hiyo mimi nasema mifereji ile ifike Munhava yote. Matuta ya mchanga na mikoko visiguswe na mjenzi yeyote, hata akiwa tajiri. Shule na makanisa yajengwe imara, yainuliwe juu, yawe mahali pa kukimbilia. Mabati yafungwe kwa waya na mbao za kutosha. Fundi afundishwe, si kupewa misumari tu. Na wale wakaao mbele kabisa ya mawimbi Praia Nova, naam, hao wahamishwe, sikatai. Lakini wahamishiwe ndani ya mji ule ule, mahali ambapo mvuvi aweza kufika penye mtumbwi wake kwa miguu alfajiri, na hati ya kiwanja aitie mkononi kabla kibanda chake hakijabomolewa. Kama kiwanja cha namna hiyo ni ghali, basi kinunuliwe kwa bei hiyo hiyo ghali. Bei ndiyo itakayotuambia kama tuliwahurumia kweli.

Nakubali pia kwamba mji waweza kufikia siku ya kuachwa. Karibu na Galveston, katika pwani ile ile, ulikuwapo mji wa bandari uitwao Indianola. Tufani iliuvunja mwaka 1875, ukajengwa, ikauvunja tena mwaka 1886, wenyeji wakauacha. Hakuna aliyewafukuza. Na karibu na Beira yenyewe, upande wa kusini, iko Sofala ya kale, ambayo dhahabu yake iliutajirisha mji wetu wa Kilwa kabla Mreno hajafika. Mwaka 1505 Wareno walijenga ngome pale. Bahari ikaila nchi yake kidogo kidogo, na mawe yake yakachukuliwa kujengea kanisa kuu la Beira. Bahari za dunia zimepanda kama inchi 8 tangu mwanzo wa karne iliyopita, nazo zinaendelea. Huenda wajukuu wa Wabeira watayachukua mawe yale mara ya tatu. Lakini hilo na waliamue wao, wakiwa wamekwisha kupewa mifereji na ukuta, wala si sisi tuketio kilimani.

Mwalimu mwenzangu akitaka kunijibu, ukurasa huu uko wazi, nami nitafurahi. Namwomba tu, kabla ya kuandika habari za mchanga na mwamba, atuambie gati atalipeleka wapi, na mpakuzi atalipa nauli kiasi gani.